Kuihoji seli moja moja: hamira, chumvi na mifereji myembamba kuliko unywele

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu, wanafunzi wapendwa, mabibi na mabwana,

Yeyote aliyewahi kukanda unga wa mandazi anafahamu tabia mbili za hamira. Hamira hupenda maji ya uvuguvugu yenye sukari kidogo, na hamira haipatani na chumvi nyingi, kwa kuwa ukiizidishia chumvi unga hukaa muda mrefu bila kuumuka. Marehemu bibi yangu, ambaye ndiye aliyenifundisha kukanda, alikuwa akiweka chumvi ukingo mmoja wa bakuli na hamira ukingo wa pili, kisha akaanza kuchanganya kutoka katikati. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwamba hamira ikikutana na chumvi ghafla hushtuka. Nimeishi na hamira maabara kwa miaka mingi tangu siku ile, nimesoma maandishi mengi ya wataalamu juu ya jambo hili, na bado sijapata neno lililo sahihi zaidi ya hilo la bibi. Hushtuka kweli. Leo ninataka kuwaeleza jinsi tulivyoweza kuuona mshtuko huo kwa macho, ndani ya seli moja, sekunde kwa sekunde, na kwa nini tulilazimika kujenga kifaa cha pekee ili tuuone.

Tuanze na kiumbe chenyewe. Hamira ya dukani, ambayo kwa jina la kisayansi huitwa Saccharomyces cerevisiae, ni seli iliyo hai yenye umbo la yai na kipenyo cha mikromita 5 hivi, maana yake ukizipanga seli 200 katika mstari utapata milimita moja tu. Ndani yake mna kiini chenye kromosomu 16 na jeni zinazokaribia 6,000, ambazo mfuatano wake wote ulikwisha kusomwa mwaka 1996. Haina ulimi wa kuonjea, haina macho, wala haina mshipa wa fahamu. Pamoja na hayo, chumvi ikiingia katika maji yanayoizunguka, seli hiyo hutambua, hupima ukubwa wa hatari, hujipanga na kujiokoa, na ikisha kupona hurudi kwenye shughuli zake za kukua na kuchipua. Swali la kikao cha leo ni hili: inatambuaje, na utambuzi huo una mipaka gani?

Chumvi inapozidi nje ya seli, maji yaliyo ndani huvutwa kutoka, na seli hunywea katika muda wa sekunde chache. Kwenye utando wake kuna protini zinazofanya kazi ya ulinzi wa mlangoni, na mbili zinazojulikana sana ni Sln1 na Sho1. Kila moja hupeleka habari kwa njia yake, protini moja ikiipasha nyingine kama wakimbiaji wanaopokezana kijiti, mpaka matawi hayo mawili yanakutana na habari inafika kwa protini iitwayo Hog1, ambayo ilielezwa na watafiti mwaka 1993. Hog1 ikiamshwa huingia ndani ya kiini baada ya dakika chache na kuwasha jeni za kujihami. Wakati huohuo seli huanza kutengeneza kwa wingi gliseroli, yaani kemikali inayovuta maji yarudi ndani, na mlango uitwao Fps1, ambao kwa kawaida huiachia gliseroli itoke nje, hufungwa. Gliseroli ikijaa ndani, maji hurudi, seli hujaa tena, na Hog1 hutoka ndani ya kiini. Kwa chumvi ya kiasi cha wastani, safari hii nzima huchukua kati ya robo saa na nusu saa.

Nimesema Hog1 "huingia" na "hutoka", na msikilizaji makini atauliza nimejuaje, ikiwa protini ni ndogo kiasi kwamba hata hadubini nzuri ya mwanga haiwezi kuionyesha. Jibu linatoka baharini. Kuna kiwavi cha bahari kiitwacho Aequorea victoria chenye protini inayong'aa rangi ya kijani ikimulikwa kwa mwanga wa buluu, na waliotuwezesha kuitumia protini hiyo, Osamu Shimomura, Martin Chalfie na Roger Tsien, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2008. Jeni ya protini hiyo huunganishwa na jeni ya Hog1 katika hamira, na kuanzia hapo kila Hog1 inayotengenezwa hubeba taa yake yenyewe. Seli ikiwa tulivu, ukijani huenea mwili mzima kama ukungu. Mwagia chumvi, na katika dakika moja au mbili ukungu ule unaanza kujikusanya, unakuwa doa moja dogo linalong'aa katikati ya seli, na hilo doa ndilo kiini. Mara ya kwanza nilipoliona nilisahau kubonyeza kitufe cha kupiga picha.

Sasa, wanafunzi wengi huniuliza kwa nini tusiweke hamira nyingi kwenye chupa, tukatia chumvi, kisha tukapima jibu la jumla, kwani kazi hiyo ni rahisi na imefanywa kwa miongo mingi. Nitajibu kwa mfano wa umeme. Chukulia mtaa wenye nyumba mia moja ambamo usiku nyumba hamsini zina umeme kamili na hamsini ziko gizani. Mtu akipima mwanga wa mtaa mzima kutoka mbali, kisha akagawanya kwa idadi ya nyumba, atatangaza kwamba kila nyumba ina taa hafifu, ilhali hakuna hata nyumba moja yenye taa ya namna hiyo. Wastani wake ni sahihi kwa hesabu, na ni uongo mtupu kwa kila mkazi. Ndivyo ilivyo kwa seli. Mwaka 2007 watafiti waliziweka seli za hamira katika chipu, yaani kipande kidogo chenye mifereji myembamba ndani yake, yenye viwango tofauti vya feromoni, yaani kemikali ambayo seli ya jinsia moja huitoa kuiita ya jinsia nyingine. Walikuta kwamba katika viwango vya kati, seli zilizokaa mahali palepale, zenye jeni zilezile, zilichukua maamuzi tofauti: nyingine zilijirefusha kuelekea mwenzi, nyingine hazikufanya hivyo. Kipimo cha chupa kingetuambia kwamba seli zote ziliitikia nusunusu.

Kuna sababu ya pili, ambayo kwangu ina uzito zaidi, nayo ni wakati. Ukisha kumwaga chumvi kwenye chupa, huwezi kuitoa. Unaweza kuuliza swali moja tu, "hali ikiwa ya chumvi utafanya nini?", na baada ya hapo mazungumzo yamekwisha. Lakini kiumbe anayeishi juu ya ganda la tunda haishi katika chumvi au sukari ya kudumu. Mvua hunyesha, jua hukausha, utomvu hutiririka na kukatika. Ishara anazozipokea zina kiasi, na zina mwendo pia: zinapanda, zinashuka, zinarudia. Tukitaka kujua anavyozisoma, yatupasa tuweze kumbadilishia mazingira kwa sekunde, huku yeye mwenyewe ametulia mahali pamoja mbele ya kamera kwa saa nyingi. Hicho ndicho kinachofanywa na kifaa cha mikrofluidi.

Nimekuja nacho. Kipande hiki ninachokishika, ambacho walioko nyuma huenda wasikione, kina ukubwa wa stempu ya posta na kimebandikwa juu ya kioo chembamba cha hadubini. Ni mpira mwangavu uitwao PDMS, jamii ya silikoni, ndugu wa ile ambayo mafundi huitumia kuziba mianya ya madirisha na sinki. Ndani yake mna mifereji ambayo upana wake ni mikromita 100 katika sehemu pana, na katikati kuna chumba ambacho dari yake iko mikromita 4 na nusu tu juu ya sakafu. Unywele wa binadamu una unene wa mikromita 70 hivi, kwa hiyo usingepenya humo kamwe. Seli ya hamira huingizwa chini ya dari hiyo kwa kusukumwa, na ikisha kuingia hubanwa kidogo, kiasi cha kutoweza kuchukuliwa na mkondo, lakini si kiasi cha kuzuiwa kukua.

Utengenezaji wake unastahili kuelezwa, kwa sababu wengi hudhani unahitaji kiwanda. Michoro ya mifereji hufanywa kwa kompyuta, kisha huhamishiwa kwa mwanga juu ya kisahani kigumu kilichopakwa dawa inayokakamaa inapopigwa na miale ya urujuanimno, na hapo hupatikana kalibu yenye matuta madogo mahali mifereji itakapokuwa. Hatua hiyo moja ndiyo inayotaka chumba kisicho na vumbi na mashine za gharama. Yanayofuata yanafanana na kazi ya jikoni. Unachukua sehemu 10 za mpira wa maji na sehemu 1 ya kigumishi, unakoroga, unaondoa mapovu kwa pampu ya kunyonya hewa, unamimina juu ya kalibu na kuoka katika nyuzi 70 au 80 kwa saa moja au mbili. Ukitoka katika joko, unaubandua mpira polepole kwa kisu na kidole, unatoboa matundu ya kupitishia mirija, kisha unaupitisha pamoja na kioo katika mashine ya plazima ya oksijeni kwa sekunde chache. Nyuso mbili zilizopitia humo zikigusanishwa hushikana moja kwa moja, bila gundi, na hazibanduki tena. Kalibu moja hutoa chipu kwa mamia. Njia hii ilienea baada ya kundi la George Whitesides wa Chuo Kikuu cha Harvard kueleza mwaka 1998 jinsi ya kuunda mifereji hiyo kwa haraka na kwa bei nafuu, na kwa maoni yangu ni mojawapo ya zawadi kubwa ambazo wanakemia wamewahi kuwapa wanabiolojia.

Maji yanapopita katika mfereji wa namna hii hubadilika tabia, na mabadiliko hayo ndiyo msingi wa kazi yote. Maji ya mtoni huzunguka, huchafuka na kujichanganya. Kuna namba iliyopewa jina la Osborne Reynolds, mhandisi wa Uingereza wa karne ya 19, inayolinganisha nguvu ya mwendo wa kimiminika na nguvu ya unato wake. Katika bomba, vurugu huanza namba hiyo inapofika 2,000 hivi. Katika mfereji wa mikromita 100, maji yakienda milimita moja kwa sekunde, namba hiyo ni 0.1. Kwa kipimo hicho maji huenda kama asali: mikondo miwili ikiingizwa kutoka pande mbili, mmoja wa maji ya sukari na mwingine wa maji ya sukari na chumvi, itatembea sambamba ubavu kwa ubavu bila kuvurugana, na mpaka kati yao utaonekana kama mstari uliopigwa kwa rula. Ukiongeza shinikizo upande wa kushoto, mstari unasogea kulia. Ukipunguza, unarudi. Seli iliyokaa katikati, ambayo haikuguswa wala kusogezwa, inajikuta imetoka kwenye maji matamu na kuingia kwenye chumvi, kisha imerudishwa, na hayo yote kwa muda usiozidi sekunde chache. Mahali ambapo chumvi lazima ipenye yenyewe bila mkondo, umbali ni mdogo kiasi kwamba haichelewi, kwa kuwa chumvi huvuka mikromita 100 kwa sekunde 3 au 4 tu, ilhali kuvuka sentimita moja ya maji yaliyotulia kungeichukua saa nyingi.

Naomba pia niseme jinsi kazi hii inavyoweza kumvunja mtu moyo, ili wanafunzi watakaoichagua wasidhani kwamba wao peke yao ndio wenye mikosi. Usiku mmoja, saa nane kasoro, nilikuwa nimebakiza saa mbili kumaliza jaribio la saa kumi na nne. Seli zilikuwa nzuri, picha zilikuwa safi, na nilikuwa nimekwisha kuanza kuandika kichwani nitakavyoeleza matokeo. Kwenye skrini nikaona upinde mweusi unaingia kutoka kulia. Ilikuwa povu moja la hewa, dogo kuliko kichwa cha pini, likisukumwa na mkondo kupitia chumbani. Povu halipiti juu ya seli. Ukingo wake huzikwangua. Lilipofika upande wa pili, chumba kizima kilikuwa cheupe, hakuna hata seli moja. Asubuhi ndipo nilipoelewa kwamba kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimeunganisha chupa ya lishe iliyotoka kwenye jokofu moja kwa moja na hadubini iliyopashwa hadi nyuzi 30, na maji baridi yanapopata joto huachia hewa iliyoyeyuka ndani yake. Tangu hapo kila kimiminika changu hukaa kwenye joto la hadubini usiku kucha na kunyonywa hewa kabla ya kutumika.

Sasa nije kwenye yale tuliyoyapata kwa njia hii, nikisema "tuliyoyapata" kwa maana ya jamii nzima ya watafiti, kwa kuwa kazi kubwa zilifanywa na wengine.

Mwaka 2008 yalitoka maandishi mawili yaliyokaribiana sana kwa wazo. Kundi moja la Harvard, akiwamo Pascal Hersen na Sharad Ramanathan, lilijenga kifaa cha kubadilisha chumvi kwa mapigo ya kasi mbalimbali na kuuliza Hog1 inaweza kufuata mapigo hayo hadi kasi gani. Mabadiliko yakiwa ya polepole, Hog1 ilifuata kwa uaminifu, ikiingia kwenye kiini na kutoka kwa kila pigo. Yakiwa ya haraka mno, seli iliacha kufuata pigo mojamoja na badala yake ikayajumlisha, kama sikio linalosikia mvua kwenye bati badala ya tone mojamoja. Zaidi ya hayo, walipojaribu seli zilizoachwa na tawi moja tu kati ya yale mawili niliyoyataja, waligundua kwamba tawi la Sln1 lina uwezo wa kwenda kwa kasi hiyo na tawi la Sho1 halina. Kwa chupa, tofauti hii ya kasi kati ya matawi isingeonekana.

Kundi la pili, la Massachusetts Institute of Technology chini ya Alexander van Oudenaarden, lilitumia mapigo vilevile lakini kwa swali jingine: seli inapojirekebisha, kinachoitawala ni kazi ya haraka ya protini zilizopo tayari, au ni kazi ya polepole ya kuwasha jeni na kutengeneza protini mpya? Jibu lao lilinishangaza wakati huo, na bado hunifurahisha kila ninapolifundisha. Kujirekebisha kwa kawaida hutawaliwa na Hog1 kwa njia ya haraka isiyohitaji protini mpya hata moja. Jeni zinazowashwa huja kusaidia baadaye, hasa baada ya mshtuko mkubwa, na faida yake ni kuiandaa seli ili mshtuko ujao ishughulike nao kwa haraka zaidi. Kwa lugha nyingine, bibi yangu angesema, mwenye nyumba hufunga dirisha kwanza mvua inapoanza, halafu kesho yake ndipo anapomwita fundi wa paa.

Kisha likaja jaribio la mwaka 2015, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Amir Mitchell, Ping Wei na Wendell Lim wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walipima ukuaji wa hamira chini ya chumvi inayokuja na kuondoka kwa vipindi tofauti. Chumvi iliyokuja na kuondoka haraka sana seli zilivumilia. Iliyokuja na kuondoka polepole sana zilivumilia pia. Lakini katika kipindi cha dakika 8 hivi, seli zilikaribia kusimama kukua. Kiasi cha chumvi kilikuwa kilekile, na jumla ya muda wa kuwamo katika chumvi ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni mwendo tu. Maelezo yao ni kwamba kila chumvi ilipoondoka, mfumo wa Hog1 ulikuwa tayari kuwashwa upya, na ilipokuja tena seli iliihesabu kama nyongeza juu ya ile ya kwanza. Baada ya mizunguko kadhaa, seli iliamini kwamba iko kwenye ngazi inayopanda bila kikomo, chumvi juu ya chumvi, ilhali ukweli ilikuwa ikipanda na kushuka kidato kimoja kilekile. Ilijihami kwa nguvu zake zote dhidi ya hatari ambayo haikuwapo, na kujihami huko ndiko kulikoidhoofisha.

Wapo wanaosema kwamba jaribio hilo halina maana kubwa, kwani hakuna tunda duniani linalotiwa na kutolewa chumvi kila baada ya dakika nne. Sikubaliani nao. Aliyewahi kukaa ndani ya basi stendi anajua kwamba basi la jirani likianza kurudi nyuma, mwili wako wote huamini kwamba ni lako linalokwenda mbele, hata ukashika kiti. Kosa hilo la hisia halituambii kwamba macho ni mabaya. Linatufundisha jinsi ubongo unavyoamua nani anatembea, jambo ambalo hatungelijua kama macho yasingekosea kamwe. Seli nayo, ilipokosea katika dakika 8, ilitufunulia kanuni ambayo huitumia kusoma dunia: kwamba imejiandaa kwa hali inayozidi kuwa mbaya hatua kwa hatua, kama tunda linalokauka juani, na kwamba maandalizi hayo yana gharama.

Hog1 si peke yake katika lugha hii ya mwendo. Protini nyingine ya hamira, Crz1, huitikia kalisi kwa kuingia kwenye kiini kwa vipindi vifupi vinavyolingana, na kalisi ikiongezeka kinachoongezeka ni idadi ya vipindi hivyo, wala si urefu wake. Hilo lilionyeshwa mwaka 2008 na kundi la Michael Elowitz wa Caltech. Protini ya Msn2, iliyochunguzwa na Nan Hao na Erin O'Shea mwaka 2012, ina ufasaha zaidi. Sukari ikipungua, huingia na kutoka kwa mapigo. Chumvi ikizidi, huingia mara moja na kukaa kwa muda unaolingana na ukali wa chumvi. Kemikali ya kuunguza kama haidrojeni peroksaidi ikija, huingia na kubaki. Protini ni moja na mlango wa kiini ni mmoja, lakini jeni zilizo ndani hutofautisha habari kwa kusikiliza namna mlango unavyobishwa.

Kuna hamira nyingine ambayo sisi wasemaji wa Kiswahili tuna haki ya kuitaja kwa fahari, kwa kuwa jina lake la kisayansi limebeba neno letu. Mwaka 1893 Paul Lindner, mtaalamu wa Ujerumani, alichunguza masimbi ya pombe ya mtama iliyotoka Afrika Mashariki na kukuta humo seli zenye umbo la kijiti, zinazojigawa katikati badala ya kuchipua. Aliziita Schizosaccharomyces pombe. Seli hizo, zilizotoka katika vyungu vya wazee wetu, ndizo Paul Nurse alizozitumia kugundua jinsi seli inavyoamua kujigawa, kazi iliyompatia sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Nazo zina protini ya undugu na Hog1, iitwayo Sty1, na sisi binadamu tunayo ya undugu huohuo iitwayo p38, ambayo hushughulika na uvimbe na mishtuko ya seli zetu. Hata kuvu iitwayo Cryptococcus neoformans, inayosababisha homa ya uti wa mgongo kwa wagonjwa wengi wenye upungufu mkubwa wa kinga katika ukanda wetu, nayo ni hamira na ina njia ya Hog1. Inapovuka kutoka vumbi la nje hadi mapafu na hadi damu, hupita katika mabadiliko ya joto, chumvi na hewa kwa mfuatano, na ni nadra sana kuona mtu akiichunguza kwa mfuatano huo. Nadhani kazi hiyo ingefaa ifanyike hapa, na watu wa hapa.

Je, inawezekana? Nitasema wazi kilicho kigumu. Chipu si tatizo, kwa kuwa kalibu huweza kusafirishwa kwa bahasha na mpira huokwa popote. Gharama iko kwenye hadubini yenye kurekebisha mwonekano yenyewe kwa saa nyingi, na kwenye umeme usiokatika, kwani sekunde mbili za kukatika huzima pampu na jaribio likaishia hapo. Iko pia katika picha: usiku mmoja hutoa maelfu, na kila seli katika kila picha lazima itambuliwe ni ileile ya picha iliyotangulia. Zamani tulizizungushia mstari kwa mkono. Leo programu za kujifunza zenyewe hufanya kazi hiyo vizuri, na vijana wetu wa kompyuta wanaziweza. Tahadhari nyingine ni mwanga wenyewe. Mwanga wa buluu unaotuonyesha Hog1 huiumiza seli, na Msn2 ni mwepesi wa kuuhisi, hivyo mtafiti asiye mwangalifu anaweza kupima woga wa taa akadhani amepima woga wa chumvi. Ndiyo maana kila chipu yangu ina chumba cha pembeni chenye seli ambazo hazipewi chumvi kamwe, bali hupigwa picha sawasawa na wenzao.

Nimezungumza vya kutosha, na meza ile iliyo karibu na dirisha inanisubiri. Hadubini iliyo pale ni ya kawaida, ya shule, haina mwanga wa buluu, kwa hiyo Hog1 hamtaiona. Chini ya lenzi kuna chipu kama hii, yenye seli thelathini na kitu za hamira niliyoinunua dukani jana, zimekaa katika maji ya sukari tangu asubuhi, na baadhi zimeanza kuchipua. Picha inaonekana ukutani. Bomba la sindano la kushoto lina sukari, la kulia lina sukari na chumvi. Namwomba mwanafunzi mmoja aje alisukume la kulia, taratibu, mpaka muuone mstari wa maji ukipita. Na ninyi wengine mchague kila mtu seli yake moja, muiangalie hiyohiyo bila kuhamisha macho, mhesabu ni sekunde ngapi hadi inywee, kisha tukae nayo nusu saa tuone ni zipi zinazojaa kwanza.